IST yangu imechemsha mpaka injini imejifunga: nifungue hedi, nifanye ovahoo (kuifungua yote na kuifufua) au ninunue injini ya mtumba?

Mtu wa Baruti (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa nimechoka akili na mfuko. Nina IST ya 2004, ile yenye injini ya 1NZ, nimekaa nayo miaka mitatu na haijawahi kunisumbua zaidi ya bushi na shokapu. Jumapili tulikuwa tunarudi kutoka msibani Morogoro: mimi, mama watoto, mama mkwe kiti cha nyuma, na gunia la mchele kwenye buti. Tulipofika Kibamba gari ikakosa nguvu. Nakanyaga mafuta, inanguruma tu, haiendi. Kukawa na harufu ya kitu kinaungua, mara ikaanza kugonga ko-ko-ko, ikazima.

Tukaisukuma pembeni, tukasubiri kama dakika ishirini, ikawaka kwa shida. Nikasema tujivute hivyo hivyo, nyumbani si mbali. Haikufika. Mbezi ikazima moja kwa moja, ukipiga stata inasema "tk", kimya.

Fundi wa mtaani amekuja jana akafungua mfuniko wa oili. Ndani kuna uji wa rangi ya chai ya maziwa. Anasema ni gasketi ya hedi tu, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku, nimpe laki tatu na nusu, keshokutwa gari iko barabarani. Jirani anasema nisimpe hata mia, nikatafute injini Ilala. Shemeji anasema niuze ilivyo.

Kinachoniuma ni kwamba taa nyekundu ya joto haikuwaka. Nilikuwa naitazama kuanzia Kibaha hadi inazima, haikuwaka. Wenye uzoefu nisaidieni.

Kiroho Safi

Ngoja waje wataalamu. Nimeweka kambi hapa.

Bodaboda Mstaarabu

Pole sana mkuu. Mchele ulifika?

Mtu wa Baruti

Ulifika kwa bajaji, na mama mkwe juu yake. Usinichekeshe.

Spana Kumi na Nne

Kijana, pole. Nimefungua injini Gerezani tangu enzi za Corolla DX, sasa nakaa nyumbani naangalia wajukuu, kwa hiyo sina cha kukuuzia. Kabla sijakujibu nina swali moja. Umesema ulikuwa unaitazama taa kuanzia Kibaha. Dereva hakai kukodolea macho taa ambayo haijampa sababu. Iliwaka wapi mara ya kwanza?

Mtu wa Baruti

Shikamoo mzee. Dah.

Iliwaka Mlandizi. Ilianza kumwekamweka, nikasimama. Kijana akatuuzia kidumu cha maji, nikafungua mfuniko wa rejeta kwa kitambaa (nusura niungue uso), nikamimina. Taa ikazima. Mama watoto akasema tusiendelee, tuite mtu wa kuvuta gari. Nikapiga simu, nikaambiwa laki na themanini mpaka Kimara, nikaona wananipiga. Tukaondoka. Karibu na Kibaha ikawaka tena, nikazima AC, nikapunguza mwendo, na baada ya kilomita chache ikazima yenyewe. Nikajua imepoa. Ndiyo maana nasema kuanzia hapo haikuwaka.

Bodaboda Mstaarabu

Laki na themanini sasa inaonekana bei ya shambani.

Spana Kumi na Nne

Marahaba. Sasa tunaongea.

Haikupoa. Taa yako ilizima kwa sababu maji yaliisha. Kile kifaa kinachopima joto, tunachoita sensa, kimechomekwa kwenye njia ya maji ya injini. Kinapima maji, hakipimi chuma. Maji yakiwepo, sensa inaloa, inasoma sawasawa. Yakishuka chini yake inabaki inaning'inia kwenye mvuke na hewa, na hewa haipitishi joto kama maji. Chuma pembeni kinaungua, sensa inatoa taarifa kwamba kuna nafuu. IST nyingi hazina hata mshale wa joto. Zina taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi, katikati hapo hakuna kitu. Kwa hiyo ulipoona giza ukafurahi, na hapo ndipo injini ilipoanza kufa.

Ulikuwa na shahidi mwingine, ila hukumuuliza. Ungefungua hita, ungepata upepo wa baridi. Hita inachukua joto kwenye yale yale maji. Injini inaungua huku hita inatoa baridi, maana yake hakuna maji.

Sasa kilichotokea ndani. Hedi ya 1NZ ni alumini. Bloku nayo ni alumini, ila ina laina nyembamba za chuma ambamo pistoni zinapanda na kushuka. Alumini ikipata moto inatanuka kuliko chuma, na hedi imefungwa kwa bolti kumi, haina pa kukimbilia. Inajikunja. Ikishajikunja gasketi haibani tena, maji yanaingia kwenye oili, ndiyo hiyo chai yako ya maziwa. Na oili iliyochanganyika na maji haibebi beringi, zile bati laini ambamo kranki (mhimili mkuu wa injini) inazungukia. Ule mlio wa ko-ko-ko uliousikia Kibamba haukuwa wa gasketi, gasketi haigongi. Halafu mkasubiri dakika ishirini, ukawasha tena.

Fundi wako wa laki tatu na nusu simlaumu, ameona uji akataja gasketi. Lakini injini ambayo stata haiwezi kuizungusha haiponi kwa gasketi. Usimpe hela. Mwambie atoe plagi zote nne, aweke spana kwenye bolti ya kranki chini, aizungushe kwa mkono taratibu. Rudi utuambie.

Foleni ya Buguruni

Mimi ni dereva wa mtandao, nashinda barabarani toka asubuhi. Dawa ya IST ni moja: toa themostati (kile kilango kinachozuia maji mpaka injini ipate moto), tupa. Ile imewekwa kwa ajili ya baridi ya Japani. Hapa Dar joto lote hili unaiweka ya nini? Yangu nimetoa mwaka wa pili huu, haijachemsha.

Kiroho Safi

Naunga mkono hoja. Hata fundi wangu alitoa.

Spana Kumi na Nne

Nilijua mtakuja. Mazungumzo haya nimeyafanya toka nina nywele.

Themostati ya 1NZ inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Jua la Dar likiwa kali sana linafika nyuzi 33 au 34. Niambie hapo hali ya hewa ya Japani inaingia wapi. Injini inataka joto lake lile lile iwe iko Tokyo au Tandika. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado asubuhi, inamwaga mafuta zaidi. Wewe wa mtandao ndiyo usingependa hilo, maana mafuta unanunua mwenyewe.

Kuna themostati mbovu zinazogoma kufunguka, hizo zinachemsha gari kweli, na ndizo zilizowapa mafundi tabia ya kutoa kila wanayoiona. Mbona mbovu inajulikana? Ichukue, itie kwenye sufuria ya maji, weka jikoni. Kabla maji hayajachemka vizuri uione imefunguka. Haikufunguka, nunua nyingine. Nilikuwa nafanya hivyo kwenye jiko la mama lishe jirani yetu. Alininyang'anya ile sufuria, haki yake.

Foleni ya Buguruni

Sawa mzee, lakini yangu haichemshi. Hiyo utaipinga vipi?

Spana Kumi na Nne

Sipingi. Taa yako ya bluu inachukua dakika ngapi kuzima asubuhi?

Foleni ya Buguruni

Nitaangalia kesho.

Mama Pacha Tabata

Kaka wa Baruti, pole, na msikilize huyo mzee. Mimi nilifanyiwa gasketi ya hedi mara tatu kwenye Vitz. TATU. Kila mara fundi anakuja na gasketi mpya ndani ya karatasi, anafuta hedi kwa msasa wa mkono, anafunga, naendesha wiki mbili au tatu, maji yanaanza kupungua bila kuona tone chini. Asubuhi nikiwasha, moshi mweupe. Mume wangu akasema gari ina mkosi, tuiuze.

Mara ya nne nikaipeleka kwa fundi mwingine. Huyu aliweka rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi, akapenyeza zile bati nyembamba za kupimia chini yake. Akaniita nione mwenyewe: zinapita kama karatasi chini ya mlango. Akaniambia hakuna gasketi duniani itakayobana hapo. Ikapelekwa kwenye mashine ya kusawazisha, ikarudi inang'aa, ikafungwa. Sijamuona tena, na nampenda kwa hilo.

Tatizo letu wanawake ni kwamba ukiuliza "mmepima?" wanakujibu "dada, tuachie sisi".

Spana Kumi na Nne

Mama Pacha umesema yote. Niongeze kwenye kufunga tu. Kitabu cha Toyota kwa 1NZ kinaruhusu hedi kupinda milimita 0.05 upande wa gasketi, basi. Na bolti za hedi zinafungwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa spana ya kupimia nguvu: kwanza 29 za Nyutoni mita, kisha robo mzunguko, kisha robo mzunguko tena. Ukimwona fundi anakaza kwa bomba refu huku anaguna, anakadiria kwa mgongo wake. Kwenye bloku ya alumini anaweza kung'oa nyuzi za bolti kabisa. Wenye Alphard na Harrier za injini ya 2AZ wanalijua hilo bila hata kukaza vibaya.

Mwana Harrier

Mzee umenitonesha kidonda.

Mtu wa Baruti

MREJESHO.

Plagi zimetolewa. Mbili zilikuwa na kutu ya maji. Fundi akaweka spana kwenye kranki, ikaenda robo mzunguko ikagoma. Akarudisha, ikagoma upande wa pili. Nikamwambia afungue hedi nione kwa macho, hela ya kufungua nikalipa.

Mzee, nimeazima zile bati za kupimia kwa fundi wa pikipiki. Bati ya 0.20 inapita katikati bila kulazimisha. Silinda ya pili na ya tatu zina mikwaruzo ya kusimama, ukipitisha ukucha unanasa. Kwenye sampu (karai la oili chini) kuna vipande vinavyong'aa kama pambo la Krismasi.

Nimekaa chini pale gereji nikanywa soda. Mama watoto hajasema chochote kuhusu Mlandizi. Anapika tu. Ningependa aseme.

Spana Kumi na Nne

Basi hiyo injini imemaliza. Silinda zimekwaruzika, beringi zimekwenda, hedi imekunjika mara nne ya kiwango. Unaweza kufanya ovahoo, lakini piga hesabu: pistoni na ringi, beringi za kranki na za koni (mikono ya pistoni), hedi kusawazishwa, seti ya gasketi, pampu ya oili, na kranki yenyewe kama imeliwa. Tena hedi iliyoungua namna hiyo inalainika, unaweza kuinyoosha leo ikakusaliti mbele. Kwa gari ya kawaida yenye injini inayopatikana kila kona ya Ilala, chukua ya mtumba. Ingekuwa injini adimu ningekuambia vingine.

Shauri Moyo Spea

Mkuu, mimi nashughulika na injini za kutoka Japani. 1NZ kamili na viambatanisho vyake zipo, bei tunaongea. Njoo PM.

Bodaboda Mstaarabu

Ehe, dalali kanusa damu.

Shauri Moyo Spea

Si dalali, nauza. Na kwa kuwa umenitukana hadharani nitamfundisha mleta uzi namna ya kutonunua takataka, hata kama hatanunua kwangu. Fungua mfuniko wa oili, chungulia na tochi: ukiona tope jeusi limeganda au rangi ya maziwa, ondoka. Angalia njia za maji pale mipira inapoingia: kutu nyekundu nyingi, ondoka. Izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili. Kisha omba ipimwe kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), stata tunazo na betri ipo. 1NZ nzima inacheza karibu na 213 psi, ikishuka chini ya 156 usinunue, na silinda nne zisipishane sana, zaidi ya 14 si nzuri. Muuzaji akikataa kupima muachie injini yake. Mwisho, garantii iandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya injini. Garantii ya mdomo inaishia mlangoni.

Spana Kumi na Nne

Huyu kijana kasema kweli. Nimekaa nikitafuta kosa, sijaliona.

Baruti, kuna kosa moja watu wanafanya, na nimeona injini mbili zinakufa kwenye gari moja kwa ajili hiyo. Wanabadili injini, wanaacha kilichoiua. Yako ilikufa kwa kukosa maji. Maji yalikwenda wapi? Usifunge injini mpya mpaka ujue.

Mtu wa Baruti

Nimeijaza rejeta maji nikaipuliza upepo. Inavuja pale plastiki ya juu inapokutana na alumini, ufa mwembamba ambao ukiwa wa baridi huuoni. Ndani imejaa magamba meupe, nusu ya mirija imeziba.

Mzee swali: miaka yote mitatu nimekuwa naongeza maji ya kisima cha nyumbani. Yana chumvi kidogo, hata chai tunapikia ya kununua. Hiyo inahusika?

Mama Pacha Tabata

Kaka, chai hunywi, gari ndiyo inywe?

Spana Kumi na Nne

Mama Pacha amemaliza, mimi niongeze nini.

Inahusika. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi inakula alumini, kisha magamba yanaziba mirija. Weka kulanti (maji maalumu ya rejeta). Haipo kwa ajili ya barafu tu, ina dawa ya kuzuia kutu, na kiwango chake cha kuchemka kiko juu kuliko maji matupu. Ukikosa kabisa, maji ya chupa au ya mvua, si ya kisima.

Na mfuniko wa rejeta, ule mdogo ambao watu wanauona kama kizibo cha soda, nunua mpya wenye namba ile ile iliyoandikwa juu yake. Maji yasiyo na mgandamizo hapa pwani yanachemka kwenye nyuzi 100. Mfuniko mzima wa 1.1 (namba ya mgandamizo wake) unayashikilia mpaka yapite 120. Spring yake ikilegea, gari inatema maji kwenye foleni ya Ubungo na hakuna kinachovuja. Badilisha na wota pampu, themostati (ya kweli!), mipira yote miwili, na uangalie feni inawaka yenyewe injini ikipata moto. Wakifunga, wafungue hita, wajaze taratibu huku injini inazunguka, hewa itoke. Hewa ikibaki ndani utarudi kwenye uzi huu.

Mwana Harrier

Na usisahau kadi. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, ukibadili injini nenda TRA na nyaraka za ununuzi wabadilishe taarifa. Mimi nilipuuza, siku nauza gari mnunuzi alikagua namba haikufanana, akaondoka na hela yake.

Foleni ya Buguruni

Wakuu nimerudi. Taa ya bluu imechukua dakika kumi na nne, na huko nilikuwa nimeshafika Tazara. Mzee, themostati ya IST inauzwa wapi iliyo halisi?

Spana Kumi na Nne

Karibu nyumbani. Nenda na ile ya zamani mkononi. Ah, umeshaitupa.

Mtu wa Baruti

MREJESHO WA MWISHO, wiki ya sita.

Injini nimechukua kwa yule yule wa Shauri Moyo (samahani Bodaboda). Kompresheni tulipima nikiwepo, silinda ya chini kabisa 195. Mchanganuo kwa atakayehitaji: injini 1,650,000, rejeta mpya 190,000, wota pampu, themostati, mipira na mfuniko jumla 165,000, kulanti na oili 120,000, ufundi 300,000. Kufungua ile ya zamani, kuvuta gari mara mbili na bajaji ya mchele sijaweka, naona aibu. Kadi iko TRA inashughulikiwa.

Gari ina siku tisa barabarani. Kila asubuhi kabla ya kuwasha nafungua mfuniko natazama maji, majirani wanadhani nasali. Haijapungua hata kidole. Kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachoonyesha joto kwenye simu nimenunua Kariakoo, foleni ya Kimara inacheza nyuzi 88 hadi 95.

Jumamosi tunarudi Morogoro, ni arobaini ya marehemu.

Spana Kumi na Nne

Hongera. Mkifika Mlandizi simama hata kama hakuna taa. Acha ipoe, shika mpira wa juu, angalia chini kama kuna tone.

Bodaboda Mstaarabu

Na mama mkwe anakaa kiti kile kile?

Mtu wa Baruti

Mama mkwe amekata tiketi ya treni ya SGR. Amesema tutamkuta huko.